Bahasha ya Kumi na Saba

Maji yawe vuguvugu, si ya moto.
Ya moto huikaza plasta kabla mkono haujatulia,
na mtoto hukutazama kama tapeli.
Hilo nilijifunza mwaka wa kwanza. Huu ni wa ishirini na sita,
chumba hiki hiki, ghorofa ya chini, Tartu,
dirisha linalotazama magurudumu na theluji chafu ya Aprili.

Theluji ikiyeyuka, viwiko huanza kuja.
Trampolini. Baiskeli. Bembea kubwa za mbao.
Daktari Kaarel huinua picha kwenye mwanga:
"Ufa tu, Helve. Mfupa haujahama."
Ufa mwembamba, uzi wa buibui,
nami nachovya bandeji.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Mimi kila ufa niliuziba kwa ukuta,
toka karibu na kwapa hadi mizizi ya vidole,
na watoto wakauchora mazimwi.

Sasa nimeletewa sanduku la bahasha mia moja.
Watafiti wanauliza: ukuta,
au kitanzi tu cha sponji, shingoni na kwenye kifundo cha mkono,
kiwiko kimekunjwa ndani ya sweta, peke yake?
Sichagui mimi. Hachagui Kaarel. Inachagua karatasi.
Nilicheka hadi miwani ikapata ukungu.
Mtoto wa miaka sita, umtundikie utepe
kisha umwambie atulie!

Ya kumi na saba ilimwangukia Uku.
Ya kumi na nane, Loviise, binamu yake.
Bembea moja, mchana mmoja, kiwiko kile kile cha kushoto.
Uku: kitanzi. Loviise: plasta, tena ya kijani.
Uku akalia, na si kwa maumivu.
Alitaka naye awe na pa kuandikiwa majina.

Bahasha mbili juu ya meza yangu.
Mama zao walikuwa korido, wakilaumiana kwa sauti ya chini.
Nani angejua?
Mkono wangu ulifika hadi kwenye karatasi,
ukakaa hapo,
ukarudi kwenye beseni.

Usiku huo, saa nane, mama yake Uku alipiga simu.
Nikamwambia: mito miwili, dawa kama alivyoandikiwa,
kitanzi usikilegeze.
Sikulala tena. Nilikuwa na hasira na karatasi.

Wiki ya tatu wakarudi.
Msumeno ulivuma, Loviise akaziba sikio moja,
ukuta ukapasuka, ukatoa mkono mwembamba,
mweupe, wenye harufu ya soksi.
Aliubeba kama mzigo wa mtu mwingine.
"Nyoosha kidogo," alisema Kaarel.
Akatikisa kichwa.

Uku yeye alikuwa ameshaunyoosha, siku ya tisa,
akifukuzia biskuti juu ya kabati,
bila kumwomba mtu ruhusa.
Lakini daftari lake la vikaragosi, wanamopima maumivu,
lilikuwa na nyuso nne zinazolia, usiku nne mfululizo.
La Loviise lilikuwa na moja.

"Kwa hiyo?" nilimuuliza Kaarel.
"Kwa hiyo naandika yote," akasema.
"Hao ni wawili tu, Helve. Zimebaki bahasha themanini na mbili."

Samaki mkunje angali mbichi.
Sawa. Lakini hakuna methali niijuayo
inayosema ni lini anyooshwe.

Nilikuwa na miaka sita, kule Võru, nilipoanguka toka darini.
Wiki saba za plasta. Alinifunga mtu mwema, mwenye haraka.
Baba aliugonga ule ukuta kwa kijiko akacheka: mlango huu imara.
Sijawahi kumwambia Kaarel.
Hapa kazini huvaa mikono mirefu,
na beseni hulishika kwa mkono wa kulia.

Jioni nalimwaga, nalisugua,
jasi inashuka kwenye bomba kama maziwa.
Nauinyosha wa kushoto kuelekea taulo.
Unafika pale unapofikaga.
Nasogea hatua moja.