Marehemu Wanaokula

Nimeshahesabu marehemu thelathini na tisa
na ukurasa wa mwisho bado.
Wana njaa, jamani. Kila tarehe kumi
wanajipanga kwenye duka la mgao la Ramkishun Sah,
wanapokea kilo tano tano za mchele,
hawagombani na mizani, hawakohoi,
hawaulizi mbona gunia limetoboka.
Wilaya nzima ya Dumka haina wateja wenye adabu hivi.

Mimi ni Salge Tudu. Kazi yangu kulinganisha:
huku daftari la serikali, huku kinywa cha mtu.
Nabisha hodi. Mama, Machi ulipata ngapi?
Daftari linasema kilo thelathini na tano.
Mama anasema ishirini na nane, pamoja na changarawe.
Fomu haina safu ya changarawe.
Naiandika pembeni, kwa penseli.

Lukhi Marandi hugonga kokoto machimboni.
Miaka kumi na minane ya nyundo
imemfuta mistari ya vidole,
vimebaki laini kama kipande cha sabuni.
Anaweka dole gumba juu ya kioo cha mashine:
haitambuliki.
Analipangusa kwa sari, analilamba:
haitambuliki.
Rudi kesho, mtandao umelala.
Kesho: mgao umekwisha.
Lakini daftarini amepokea, miezi kumi na minne mfululizo,
yeye na mumewe, Barka Hembrom,
ambaye vumbi la mawe lilimmaliza kifua
kabla mashine yenyewe haijaletwa.

Nilipomsomea, alicheka mpaka akashika ukuta.
"Barka! Huyo huyo niliyekuwa nikimtuma dukani
akajifanya mguu unamuuma!
Kufa kumempa bidii."
Kisha akanyamaza, akawa anaokota sakafuni
punje ambazo hazikuwepo.
"Kilo tano kila mwezi," akasema,
"na hakunikumbuka hata siku moja."

Siku tatu kabla ya baraza
nilimkuta Ramkishun akifuta mizani yake kwa kitambaa kisafi.
Alinikaribisha chai. Nikakataa.
Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa upole wa mtu wa nyumbani:
"Na mzee Raska, hajambo? Nisalimie."

Babu Raska. Mifupa yake tuliipeleka Mto Damodar
mimi nikiwa darasa la nane.
Nilifungua daftari pale pale njiani,
baiskeli imeniegemea kiunoni.
Kadi ya shangazi: watu watano.
Tuko wanne.
Nilikuwa nimekagua nguo za kijiji kizima,
yangu nikaipita.
Dole la shangazi ndilo lililokuwa likimfufua kila mwezi,
na wali ule niliokuwa nikila nikijisomea mitihani,
kwa chumvi, pilipili na tone la mafuta ya haradali,
fungu moja kwa tano lilikuwa la babu.

Baraza lilikaa uwanja wa shule, chini ya turubai la buluu.
Nikaita majina. Vijana wa nyuma wakaitikia "Yupo!"
na watu wakacheka, hata afisa aliyetoka mjini.
Thelathini na tisa: Barka Hembrom.
Yupo!
Arobaini: Raska Tudu, kilo tano, miaka tisa.
Mpokeaji: nyumba yangu.
Hakuitikia mtu.
Shangazi alivuta ncha ya sari mpaka machoni.

Ramkishun amenyang'anywa leseni. Duka sasa ni la shemeji yake,
mizani ni ile ile.
Lukhi kapewa karatasi yenye muhuri, ya kuonyesha badala ya kidole;
mara mbili imekubaliwa, mara moja wamemrudisha.
Nimeandika.
Nyumbani shangazi hanisemeshi.
Jioni hupima mchele kwa kikombe:
kimoja, viwili, vitatu, vinne,
kisha mkono wake hurudi tena ndani ya debe,
hukaa humo kidogo,
hutoka mtupu.