Ngeli ya Bwana Shauri

Jalada lake lina uzito wa mtoto wa miezi mitatu.
Nimelifungua Jumatatu, kwa glavu, chini ya taa inayonguruma,
na nje Nairobi inapiga honi kama kawaida yake.

Crome, Leonard Astbury. Alishuka stesheni mwaka wa ishirini na tisa,
umri miaka ishirini na miwili, mapafu mazima, jino moja pungufu,
sanduku la bati, raketi ya tenisi,
na kitabu cha sarufi alichokisoma melini.
Ngeli ya watu huwa ndiyo ya kwanza kitabuni.
Labda siku hiyo bahari ilichafuka.

Maana mtahini wake aliandika kwa wino mwekundu:
“Msamiati mzuri, matamshi safi. Ila mtahiniwa
husema *mtu hiki*, husema *wanawake vimekuja*.”
Alipasi. Akaongezewa pauni thelathini kwa mwaka.

Miaka saba alikaa ofisi ya kipande.
Hawakumfikia watu pale, vilimfikia vidole:
kidole gumba, kidole gumba, kidole gumba,
vimepakwa wino, vimebanwa karatasini,
na hapo, lazima nikiri,
sarufi yake haikukosea hata mara moja.

Kisha tangazo la Pangani, kabla ya nyumba kubomolewa,
amelitunga mwenyewe, amejivunia, kalipiga mhuri wa zambarau:
*Wakaaji vyote viondoke kabla ya Ijumaa.*
Pembeni karani ameandika kwa penseli, karibu imefutika,
kwamba Bi Mwanaisha binti Feruzi alisomewa mara mbili,
akauliza, “Viondoke? Kwani sisi vikapu?”
Watu walicheka sana.
Ijumaa waliondoka.

Babu yangu, Muindi wa Kyalo, alikuwa tarishi wake.
Alimbebea wino, barua, mwavuli, na siku moja sepetu.
Hilo sikulijua mpaka leo, ukurasa wa mia na tisa,
kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kwa mkono wa Bwana Shauri,
kimeandikiwa mchimbaji wa makaburi ya Forest Road:

*Mtoto wangu amelala. Tafadhali
umchimbie polepole.*

Amelala. Umchimbie.
Nimekisoma nikiwa nimesimama.
Kumbe alijua.
Kumbe miaka yote ile alijua.

Baada ya hapo kupanda cheo, likizo, kupanda cheo,
malalamiko kuhusu paa linalovuja Kilimani,
medali, ombi la farasi lililokataliwa.
Kisha namba zinaruka, kutoka mia moja na sitini
hadi mia moja themanini na mbili. Hamsini na tatu, hamsini na nne.
Hakuna kurasa. Kuna pini yenye kutu iliyozishika.

Nyanya alinisimulia jioni moja ya mwaka wa sitini na tatu:
babu yako alirudi Kaloleni nyusi zimeungua,
akakaa kitandani bila kuvua viatu.
Nikamnusa. Nikamwuliza, mmechoma nini leo huko ofisini?
Naye hakujua kusoma, babu yako, lakini
alikuwa ameutazama ule mhuri miaka kumi na tisa.
Akasema, “Majina.”
Akaomba maji.

Karatasi ya mwisho imetoka mji mdogo wa pwani huko kwao:
mjane anauliza kama pensheni itaendelea.
Hakuna nakala ya jibu.

Saa kumi na moja kasoro. Chepkirui, aliye hapa kwa mafunzo,
mtoto wa juzi, mwenye kutafuna karanga kwa siri,
anasukuma toroli, anaona nimekaa tu.
“Madamu, na huyu? Tumweke wapi?”

Nilitaka kumsahihisha. Jalada ni *hili*, mwanangu.
Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

“Rafu ya chini,” nikasema, “karibu na ripoti za maji taka.
Na umfunge kamba vizuri.
Anamwagika.”