Sehemu ya Nne

Kila Jumanne saa tatu usiku
tunakusanyika kwa Sirkka, ghorofa ya tatu, hapa Oulu.
Viatu tumeviacha mlangoni, vinachuruzika theluji
juu ya magazeti ya wiki iliyopita.

Inspekta Rautio alipigwa risasi ya kichwa
katika sehemu ya kwanza.
Leo ni ya nne, na nywele zimekwisha kuota,
kovu limekaa pale kamera inapolipenda.
Jina la mkewe limemtoka
ila rangi ya soksi za muuaji anaikumbuka.

"Hodari huyu!" anasema shemeji yangu Tuomas,
mdomo umejaa mkate wa shayiri.
"Anaigiza mpaka unaamini."
Sirkka anasema afadhali, sasa watu wataelewa.
Binti yake, aliyesomea uuguzi miaka miwili akaacha,
anasema ubongo nao una sehemu,
anazitaja, anazihesabu kwa vidole.
Kisha wote wananigeukia mimi
kama wateja wanaongoja mizani ya duka itulie.

Mimi nilianguka. Si risasi.
Nilikuwa nakomba theluji juu ya paa la shule,
ngazi ikateleza.
Hakuna wa kumtia pingu.

Nafungua kinywa. Neno nalionea mbali,
limesimama ng'ambo, linanipungia mkono.
Nasema, "Kijiko."
Sikukusudia kijiko.
Tuomas anainuka, anakwenda jikoni, ananiletea kijiko.
Nakipokea. Nasema ahsante.

Wanazungumza vizuri, siwalaumu.
Kitanda hiki hawajakilalia,
kunguni wake wanawaona kwenye kioo tu.

Leo asubuhi kichwa ni chepesi, naandika kwa penseli
yale ambayo ningesema:

Rautio hachoki.
Anamfukuza mwizi bandari nzima, anahoji mashahidi watatu,
anarudi kwake anawasha taa zote.
Taa za dukani zilinitoa machozi mimi
mbele ya friji la maziwa, aina kumi na saba za maziwa,
nikaweka kikapu chini nikaondoka
nikamwambia Marketta maziwa yamekwisha mjini.

Vikaratasi vyake vya manjano vina mwandiko wa mwalimu.
Kimoja changu, nilikikuta ndani ya kofia,
kimeandikwa: USISAHAU.
Basi.

Na ile hasira. Yeye alivunja glasi moja, muziki ukaingia.
Mimi nilivunja ile glasi, na ya pili, na bakuli la mama yake,
na nikasema neno ambalo, lo, hilo halikukwama.
Muziki haukuingia.
Marketta alifagia. Mpaka leo
jikoni mle hatembei bila viatu.

Marketta hakuulizwa na mtu jana.
Alikaa karibu na hita, sindano zake za kufuma zikigongana,
na muuaji alipofichuliwa mimi nilikuwa nimeshalala
na kijiko mkononi.

Garini, vifuta kioo vikihangaika na theluji, akasema,
bila kunitazama,
"Mke wa Rautio wamempa maneno sita
sehemu nzima. Nilihesabu."

Sikujua la kujibu. Nikauliza muuaji ni nani.
Akaniambia.
Tulipofika nyumbani nikauliza. Akaniambia.
Asubuhi hii, juu ya uji, nikauliza,
naye akashusha kikombe, akalitaja jina lile lile
kwa sauti ya mtu anayelitaja mara ya kwanza.

Maneno sita. Hilo ninalo, halijaniponyoka.
Jumanne ijayo, kabla Tuomas hajafungua mdomo,
nitamuuliza Marketta aliionaje.
Nimeandika hivyo, nimepiga mstari chini yake mara mbili,
na karatasi nimempa yeye
anitunzie.