Ngeli ya Mzigo

Saa kumi alfajiri, kaunta ya kumi na moja,
chai yangu haijashuka hata nusu ya thamosi,
akaja kijana kavaa mashati matatu na koti juu,
jasho linamtoka katika baridi ya Julai.
"Nguo zangu nyingine kavaa yeye," akasema.
Yeye alikuwa kwenye toroli:
obokano, kalazwa chali, blanketi hadi shingoni,
kama mgonjwa anayehamishwa wodi.

Nikatoa futi yangu ya fundi cherehani.
Mzigo huu, nikamwambia, una sentimita mia na kumi na nane.
Filimbi huingia ndani. Fidla huingia ndani.
Gitaa hutegemea msimamizi wa zamu kaamkaje.
Mzigo huu hauingii.
"Yeye ana nyuzi nane," akasema, "zote nimezilegeza,
baridi ya kule juu isije ikamkaba."

Unaweza kuulipia kiti, nikasema,
nikamgeuzia skrini aone bei.
Akaisoma polepole, kama tangazo la kifo gazetini,
kisha akauliza: kwa bei hiyo,
yeye atapewa na chakula?
Nilicheka. Kamera iko juu ya kichwa changu; nilicheka.

Mizani ikasema ishirini na tano. Kilo mbili zimezidi.
Onchari (jina nilishalisoma kwenye pasipoti)
akafungua blanketi, akachomoa sweta,
akachomoa suruali ya jinzi, akaivaa juu ya ile nyingine
mbele ya foleni nzima ya watu wa Dubai,
na hapo ndipo nilipoiona ngozi.
Ngozi ya ng'ombe, imewambwa juu ya bakuli la mti,
manyoya machache yamesalia ukingoni,
na kovu la chuma cha moto, herufi mbili.
"Wa nyanya," akasema. "Alikuwa mkorofi huyo.
Aliwahi kumtupa mwalimu mkuu mtaroni."

Sasa fomu. Ni ya kijani, nakala tatu,
nami huikariri bila kuitazama:
kampuni haitawajibika kwa ufa, mkwaruzo, unyevu, wala kuchelewa.
Yaani tia sahihi hapa kwamba umekubali uvunjike.
Kalamu ikasimama.
Nyuma yake mtu akasonya.
Akaandika jina dogo sana, kwenye kona,
kama anayetumaini halitasomeka.

Nikabandika stika za glasi iliyopasuka:
nne, tano, sita. Kanuni inasema moja.
"Na mimi nibandike."
Nikambandika, kwenye ukosi wa koti.
Mkanda ukanguruma, ukamchukua,
akapita chini ya mapazia ya mpira, kichwa kwanza.
Simsemi Onchari.

Mchana, nyumbani Utawala, natundika sare kambani,
ndege zapita juu ya mabati, sufuria zatetemeka.
Siku ya kumi na sita leo.
Nakala ya kijani imo drooni, na nambari yake ya simu;
sijapiga.
Malalamiko hayajaja.
Kaunta yetu hailetewi habari za kilichofika,
huletewa vipande tu, ndani ya mifuko ya plastiki,
na wenyewe wakilia au wakitukana.

Jana mama mmoja alikuja na cherehani kwenye boksi la televisheni.
Nikatoa futi.
Nikamuuliza, yeye ana urefu gani?
"Yeye nani?" akasema mama,
akageuka kutazama nyuma.