Nusu Inchi

Duka letu lilikuwa ghorofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
juu ya wauza mablanketi,
na Bwana Premji aliamini mambo mawili tu:
kipimo, na malipo kabla ya kazi.

Usiku ule simu ililia saa tano.
"Kalekye, beba mkasi mzuri. Gari la serikali liko chini."

Jumba la mikutano liliwaka taa zote
kama nyumba ya msiba.
Madola mawili makubwa yalikuwa yamekaa siku tatu
yakijadili vita vya watu wengine,
vita vya jangwani, vya risasi zilizotoka viwandani mwao.
Sasa yamenuna. Hakuna aingiaye ukumbini.
Mjumbe mmoja alitoa rula mfukoni
(rula, nasema, kama mtoto wa darasa la tatu)
akapima vibendera vya mezani,
akakuta cha mwenzake kimezidi nusu inchi.

Mokaya wa itifaki, kola imelowa jasho:
"Mama, kata. Lakini kisionekane kimekatwa."

Sikukata.
Kilichokatwa hakirudi, kilichokunjwa hufumuliwa.
Nikakalia kiti cha waziri fulani
maana ndicho kilichokuwa karibu na taa,
nikafumua upindo, nikakunja, nikashona kwa mkono,
uzi mwekundu, sindano namba tisa.

Mbele yangu walikuwa wametandaza ramani.
Mpaka umenyooka kuliko mshono wowote niliowahi kupiga.
Nikaushangaa.
Sisi hatushoni hivyo: nguo hufuata bega,
hufuata kiuno, hufuata nyonga iliyozaa.
Aliyepiga mstari ule
hakumpima mtu.

Saa nane wakarudi, wakapeana mikono.
Picha ilitoka gazetini. Chini kushoto, kama una macho,
kibendera changu kimesimama sawa na mwenzake,
hakijawahi kuzidi mtu.
Vita? Vilipumzika majuma sita.

Miaka ikapita, dola moja likafa.
Redio ilieleza sana; mimi nilijua mapema
kwa oda iliyofutwa.
Majora mawili ya kitambaa chekundu yakabaki rafuni
yakila vumbi na kodi ya nyumba.
Bwana Premji akakuna kidevu:
"Rangi haina kosa."
Tukashona bukta za chekechea, Kaloleni,
mia moja na arobaini, lastiki kiunoni,
na malipo, safari hii, tulikopesha.

Nilipita pale siku moja wakati wa mapumziko.
Dola lile lote lilikuwa kwenye mtelezo,
likishuka kwa makalio, likicheka,
likianguka mchangani,
likijipangusa,
likirudi kupanga foleni.