Miwili Iliyobaki

Kocha Hargett alikuja Jumanne, theluji ingali kwenye ngazi,
akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Hilo nililiandika moyoni, upande wa faida.

Alikula viazi vya Reinhold, akaomba tena.
Akamsifu Annika kwa shingo yake,
kwa subira yake ulingoni,
anavyomngoja mpinzani akosee hatua moja
kisha ambwage kama gunia la ngano.
Akatamka "familia" mara sita. Nilihesabu.

Mimi hukodisha mashine za kuvunia.
Kazi yangu ni karatasi,
na karatasi husomwa kuanzia chini,
kwenye herufi zilizoandikwa kwa aibu.
Nikafuta mikono, nikamwuliza:
"Mkataba wako umebakiza miaka mingapi?"

Uma wa Reinhold ukasimama hewani.
Annika akanikodolea macho
kana kwamba nimemwuliza mgeni mshahara wake,
na kwa kweli nilikaribia.

"Miwili. Lakini wanazungumza kuniongezea."
"Wanazungumza tangu lini?"
Akatazama dirishani, upepo wa Kansas ukipiga bati la ghala.
"Tangu vuli."

Binti yangu angesoma minne.
Hesabu ya mtoto wa darasa la pili:
minne, toa miwili.
Jibu likavuta kiti, likakaa nasi mezani,
halikuwa na sahani.

Wa chuo kingine, aliyemtangulia, alikuwa na saba.
Aliitaja kabla hajaketi,
kama mtu anayekuonyesha meno yake yote ni mazima.
Aprili tukasoma gazetini: kahamia Oregon,
fidia wamelipa matajiri wapenda mieleka.
Ile saba ilikuwa kufuli ya nje,
chuo kisiweze kumtoa.
Kwa ndani, mlango ulifunguka kwa kusukumwa tu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Usiku ule
Hargett alitoa karatasi ya ufadhili, akainyoosha kwa kiganja,
nami nikaanza chini.
Mwaka mmoja.
Huhuishwa kila Julai, chuo kikiridhia.
Kumbe mwenye mkataba mfupi kuliko wote mezani pale
alikuwa na miaka kumi na saba,
na alikuwa akifuta mchuzi kwa kipande cha mkate.

Ahadi ni deni, najua.
Ila mimi madeni nayajua kwa tarehe zake.

Annika ndiye aliyeuliza swali ambalo sikulifikiria:
"Wewe ukiondoka, nani atatufungulia ukumbi saa kumi na moja alfajiri?"
Kocha alicheka, kisha akaacha kucheka, akafikiri kweli.
"Bi Verlene. Anadeki pale.
Ana funguo mwaka wa ishirini na tatu huu.
Sidhani kama ana mkataba wowote."

Hilo nalo sikujua niliandike upande upi.
Annika alitia saini kwa kalamu ya ofisini kwangu,
yenye picha ya trekta.

Walimwongezea Hargett mwaka mmoja, wakamwondoa katikati yake.
Wa sasa ni kijana, ana mitano, ana tovuti,
viatu vyake sijaviona.
Annika hunipigia simu alfajiri, akingoja nje, meno yakigongana kwa baridi.
Tunazungumza mambo madogomadogo, mafuta ya gari, goti lake la kushoto,
hadi nisikie nyuma yake funguo zikilia,
na mtu akikohoa, akisema: haya, ingieni.