Trei ya Mayai

Mama alinifunza hesabu sokoni Mpondwe
kwa trei ya mayai, ukungu wa mlima ungali mezani.
Safu sita, kila safu matano.
Akaigeuza polepole, kama ageuzaye mtoto usingizini:
safu tano, kila safu sita.
Hakuna lililotagwa, hakuna lililopasuka.
"Kilichozunguka ni jicho lako," akasema,
"thelathini haina mbele wala nyuma."

Kando yetu Thembo alikaanga rolekisi.
Chapati mia tano, mayai mawili elfu moja,
na madereva wa malori wakiagiza nne nne.
Chapati, Mama alinionyesha, ni mabano:
imeyakumbatia mayai, lakini ile nne ya nje
lazima imwamkie kila aliye ndani.
Nne kwa chapati, elfu mbili. Nne kwa mayai, elfu nne.
Au kunja kwanza, uzidishe baadaye;
elfu sita itaingia mfuko uleule wa aproni.

Haya yote niliyaamini. Ila nyumbani kwetu
mpangilio ndio jina:
Baluku wa kwanza, Bwambale wa pili,
Masereka, kisha mimi, Kule, wa nne
(nao wateja kutoka Kasindi hunitania: kule wapi?).
Jumlisha kuanzia kwangu, jumlisha kuanzia kwa Baluku,
sahani ni nne. Lakini jaribu kumwita Masereka
Bwambale, uone kama ataitika.

Mwaka wa mvua nyingi Bwambale alilala na homa,
hakuamka.
Masereka hakusogea kuwa wa pili.
Mimi sikusogea.
Pengo lilikaa katikati yetu na jina lake.

Mwalimu Kyalimpa aliandika ubaoni:
ukijumlisha sifuri, namba hubaki ilivyo;
ukizidisha kwa sifuri, hakibaki kitu.
Nikainamia daftari. Hiyo ya pili niliijua:
wiki tatu meza yetu sokoni ilikuwa tupu,
wiki tatu kila kitu, uji, redio, hata ugomvi wetu,
mara sifuri.

Kisha asubuhi moja Mama akajitwika trei.
Jioni akapakua bundu akihesabu kwa sauti,
Baluku, na Bwambale, na Masereka, na Kule,
bila kuruka, bila kulegeza ile "na".
Sahani tatu zikajaa. Ya nne akaifuta kwa khanga,
akaipanga mahali pake, ya pili.
Hakuna aliyepungua pale mkekani.

Siku hizi meza ni yangu, na trei ni za plastiki.
Nimebaki na kanuni moja ambayo Mama hakuigusa:
chochote mara moja hubaki kilivyo.
Kaka yangu aliishi mara moja.
Ana miaka tisa mpaka leo.
Nami, mdogo wake, nimetimiza arobaini na mbili,
na bado nikimtaja
namtaja kabla yangu.